Eric Underwood: Mkemia aliyefichua siri ya ng'ombe kukonda penye majani tele

MFUGAJI akiona ng'ombe wake anakonda wakati wa kiangazi hashangai sana. Majani yamekauka, maji yako mbali, na kila mtu anasubiri mvua. Lakini ng'ombe akikonda huku amesimama katika majani mabichi yanayomfika magotini, hapo ndipo mwenyewe hukuna kichwa.

Hali hiyo iliwahi kuwasumbua wafugaji wa Nakuru, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, enzi za ukoloni. Mifugo iliyokaa muda mrefu kwenye baadhi ya malisho ya eneo hilo ilipoteza hamu ya kula, ikapungukiwa damu, ikakonda na mingine ikafa. Ugonjwa huo ulizoeleka kiasi kwamba wataalamu waliupa jina la mji wenyewe, wakauita "Nakuruitis".

Nakuru haikuwa peke yake. Malalamiko ya aina hiyo yalisikika New Zealand, Scotland, jimbo la Florida nchini Marekani na pwani ya kusini ya Australia. Kila mahali ugonjwa ulikuwa na jina lake, na kila mahali wafugaji walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni sumu ya majani, wengine minyoo, wengine ardhi mbaya.

Mmoja wa waliotegua kitendawili hicho ni Eric Underwood, mtaalamu wa kemia ya lishe ya mifugo wa Australia Magharibi. Kazi yake yote aliijenga juu ya madini ambayo mnyama huyahitaji kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona na mizani ya dukani haiwezi kukipima.

Underwood alifariki mwaka 1980, lakini mfugaji anayenunua chumvi ya madini leo katika duka la dawa za mifugo, awe Njoro, Iringa au Mbarara, ananunua matunda ya kazi iliyofanywa na yeye na wenzake.

Kutoka London hadi Perth

Underwood alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1905. Alihamia Australia Magharibi akiwa bado mtoto, akasoma huko na kuchukua shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Australia Magharibi mjini Perth. Baadaye alikwenda Cambridge kwa masomo ya juu zaidi na kupata shahada ya udaktari.

Aliporejea mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliajiriwa na Idara ya Kilimo ya Australia Magharibi kushughulikia lishe ya mifugo. Miongoni mwa kazi zilizokuwa zikimsubiri ni ugonjwa wa wilaya ya Denmark, eneo la pwani ya kusini ya jimbo hilo.

Denmark ni sehemu yenye mvua nzuri. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali iligawa mashamba katika maeneo kama hayo ili walowezi wafyeke misitu na kufuga ng'ombe wa maziwa. Watu walifyeka, wakapanda majani na kuleta ng'ombe. Majani yakastawi, lakini ng'ombe hawakustawi.

Jambo la ajabu ni kwamba mnyama aliyekuwa karibu kufa angeweza kupona bila dawa yoyote, mradi tu ahamishiwe malisho ya eneo jingine. Na farasi waliokula majani yaleyale hawakudhurika hata kidogo. Haya yalikuwa mambo mawili ambayo wafugaji waliyaona kwa macho yao muda mrefu kabla ya sayansi kuyapatia maelezo.

Walidhani ni chuma

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba tatizo ni upungufu wa chuma. Sababu yao ilikuwa na mantiki. Mnyama mgonjwa alikuwa na damu hafifu, na chuma ndicho kinachojenga damu.

Huko New Zealand, mkemia wa Idara ya Kilimo, Bernard Aston, alikuwa ameitetea hoja hiyo kwa nguvu. Wafugaji waliwapa ng'ombe dawa zenye chuma, na pia walitumia udongo wa chuma uitwao limonaiti. Ng'ombe wengi walipata nafuu. Ungedhani kesi imekwisha.

Underwood alifanya kazi hii pamoja na daktari wa mifugo John Filmer, na wawili hao hawakuridhika. Waliona mambo ambayo hayakulingana na hoja ya chuma.

La kwanza, kiasi cha dawa ya chuma kilichohitajika kumponya mnyama kilikuwa kikubwa mno, kupita kabisa mahitaji ya damu yake. La pili, aina moja ya dawa ya chuma iliponya na aina nyingine haikuponya, ingawa zote zilikuwa na chuma. La tatu, na hili ndilo lililokuwa zito zaidi, walipopasua wanyama waliokufa walikuta ini na bandama zimejaa chuma.

Mnyama anawezaje kufa kwa kukosa kitu ambacho ghala lake limejaa?

Ndipo wakafanya jaribio lililogeuza mambo. Walichukua limonaiti iliyokuwa inaponya, wakaiyeyusha, wakatoa chuma chote kilichomo, kisha wakawapa kondoo wagonjwa maji yaliyobaki. Kondoo wakapona.

Maana yake ilikuwa wazi. Chuma hakikuwa dawa. Dawa ilikuwa uchafu mdogo uliojificha ndani ya chuma. Dawa za chuma zilizoponya zilikuwa na uchafu huo, na zile zilizoshindwa zilikuwa safi mno.

Kondoo walivyotumika kama mizani

Kazi iliyobaki ilikuwa kujua uchafu huo ni kitu gani. Leo mtaalamu angepeleka sampuli katika maabara na kupata majibu ya madini mengi kwa pamoja. Miaka ya 1930 vifaa hivyo havikuwepo.

Walichofanya ni kugawa. Waliyatenganisha madini yaliyobaki katika makundi, kila kundi likapewa kondoo wagonjwa. Kundi lililoshindwa kuponya liliwekwa kando. Lililoponya liligawanywa tena, na kondoo wengine wakalishwa. Mtu anaweza kusema kuwa kemia ilichambua na kondoo wakatoa hukumu.

Ni kazi iliyotaka subira, kwa sababu kondoo haponi kwa siku moja. Unasubiri arejeshe hamu ya kula, unampima uzito wiki hadi wiki, na ukikosea hatua moja unaanza upya.

Mwaka 1935 Underwood na Filmer walitangaza jibu: kobalti. Mwaka huohuo, huko Australia Kusini, Hedley Marston na mwenzake E. W. Lines, waliokuwa wakichunguza ugonjwa kama huo kwa kondoo wa pwani, walifika kwenye madini hayohayo kwa njia yao wenyewe.

Kobalti ilijulikana tangu zamani na wafinyanzi na watengenezaji wa vioo kwa sababu ya rangi yake ya buluu. Hakuna aliyefikiri kwamba ng'ombe anaihitaji ili aishi.

Baada ya hapo Underwood aliendelea kupima. Mwaka 1938, yeye na mwenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya kobalti katika udongo, majani na viungo vya wanyama. Mashamba yenye ugonjwa yalikuwa na kobalti kidogo, na maini ya wanyama wagonjwa vilevile. Hapo ushahidi wa malishoni na ushahidi wa maabara vikakubaliana.

Na Nakuru je? Ugonjwa uliopewa jina la mji huo, kama ule wa New Zealand, ulitokea katika nchi yenye udongo wa majivu ya volkano. Baadaye ilithibitika kuwa nao chanzo chake ni uhaba wa kobalti. Leo Nakuru imo katika vitabu vya lishe ya mifugo duniani, ikitajwa pamoja na Denmark ya Australia.

Gramu moja kwa miaka 27

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa kobalti, hata kibaba hakihitajiki.

Malisho yenye miligramu 0.1 ya kobalti katika kila kilo ya majani makavu humtosha kondoo. Hiyo ni sawa na gramu moja katika tani 10 za majani makavu. Yakishuka chini ya miligramu 0.07 hivi, matatizo huanza, na kondoo na wana-kondoo ndio huathirika mapema kuliko ng'ombe.

Tufanye hesabu ya haraka. Kondoo anayekula kilo moja ya majani makavu kwa siku anahitaji takriban miligramu 0.1 ya kobalti. Gramu moja ingemtosha kwa siku 10,000, yaani zaidi ya miaka 27. Hakuna kondoo anayeishi muda huo.

Hii ndiyo sababu ugunduzi huo ulikuwa na faida kubwa ya kibiashara. Gharama ya dawa ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na mnyama aliyeokolewa. Huko New Zealand na Australia, kobalti ilichanganywa katika mbolea ya fosfati na kunyunyizwa mashambani. Ardhi iliyokuwa imekimbiwa na wafugaji ikageuka kuwa malisho ya kutegemewa.

Mwaka 1958 watafiti wa kundi la Marston mjini Adelaide walileta njia nyingine: kidonge kizito chenye kobalti ambacho kondoo humezeshwa. Kwa uzito wake, hakitoki na kinyesi. Hukaa tumboni na kuachia kobalti kidogo kidogo kwa muda mrefu. Ilipoonekana kwamba vidonge vingine hufunikwa na gamba la chokaa, walimezesha pamoja navyo kipande kidogo cha chuma ili visuguane na gamba litoke.

Siri iko tumboni

Swali moja lilibaki kwa zaidi ya miaka 10. Kobalti inafanya nini mwilini? Ajabu ilikuwa kwamba kobalti ikipitishwa mdomoni iliponya, lakini ikidungwa kwa sindano haikusaidia kitu.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1948, wakati wanasayansi wa Marekani na Uingereza walipotenga vitamini B12 kutoka kwenye ini na kukuta ndani yake mna kobalti. Mwaka 1951 ilionyeshwa kwamba kondoo mwenye upungufu wa kobalti hupona akidungwa vitamini hiyo.

Hapo kila kitu kikaeleweka. Katika tumbo kubwa la kwanza la ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaishi bakteria wengi. Bakteria hao huchukua kobalti iliyomo kwenye majani na kutengeneza vitamini B12, kisha mnyama anaitumia. Kobalti ikidungwa kwenye damu, haifiki kwa bakteria kwa kiasi cha kutosha.

Farasi hana tumbo la namna hiyo, wala hahitaji kobalti nyingi kiasi hicho kwenye majani. Ndiyo maana alinenepa pale ambapo ng'ombe alikufa. Walichokiona wafugaji tangu mwanzo kilikuwa kweli, ila kilikuwa kinasubiri maelezo.

Nasi binadamu tunafaidika na kazi ya bakteria hao. Vitamini B12 tunaipata katika nyama, maini, maziwa, mayai na samaki. Ng'ombe aliyekosa kobalti hutoa maziwa machache, na mfuko wa mwenyewe hukonda pamoja naye.

Kazi ya maisha

Underwood hakuishia kwenye kobalti. Mwaka 1946 alikuwa mmoja wa watafiti watatu, pamoja na H. W. Bennetts na F. L. Shier, walioeleza kwa nini kondoo majike waliokula aina fulani ya klova walikuwa wakishindwa kuzaa. Klova hiyo ilikuwa imepandwa kwa wingi kama malisho bora. Baadaye ilifahamika kwamba ina kemikali zinazofanya kazi kama homoni ya kike.

Mwaka huohuo alichukua uongozi wa Taasisi ya Kilimo ya Chuo Kikuu cha Australia Magharibi, akaushika hadi mwaka 1970. Wakati huo Australia Magharibi ilikuwa kama shule ya dunia katika somo hili, kwa sababu udongo wake wa kale uliochoka ulikosa si kobalti tu, bali pia shaba, zinki na madini mengine. Bennetts, kwa mfano, alikuwa amegundua mwaka 1937 kwamba wana-kondoo waliozaliwa wakiyumba na kushindwa kusimama walikuwa na mama waliokosa shaba.

Mwaka 1956 Underwood alitoa kitabu kikubwa kuhusu madini haya katika lishe ya binadamu na wanyama. Alikisahihisha na kukitoa upya mara tatu, mara ya mwisho mwaka 1977. Mwaka 1966 aliandika kitabu kingine kuhusu lishe ya madini kwa mifugo, kilichotolewa kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Alichaguliwa pia katika jumuiya ya kifalme ya wanasayansi ya Uingereza.

Mashine iliyorahisisha kazi

Kazi ya kupima madini haya ilirahisishwa sana na Mwaustralia mwingine, Alan Walsh. Mwaka 1955 alichapisha njia ya kupima madini kwa kutumia mwanga. Sampuli ya udongo, majani au damu huyeyushwa na kunyunyizwa kwenye moto, kisha mwanga maalumu hupitishwa katika moto huo. Kila madini hunyonya mwanga wa aina yake, hivyo kwa kupima mwanga uliopotea, mkemia hujua kiasi cha madini kilichomo.

Mashine za namna hiyo zilienea katika maabara za kilimo duniani, zikiwemo za Afrika Mashariki. Vipimo vilivyomgharimu Underwood miezi ya kulisha kondoo sasa hufanywa kwa muda mfupi. Kwa mkulima wetu ugumu sasa umebaki katika kupeleka sampuli.

Mfugaji wa leo afanye nini?

Somo la kwanza katika kisa hiki ni kutokimbilia dawa. Kukonda, manyoya kukakamaa, macho ya kondoo kutoa machozi, fizi kuwa nyeupe na hamu ya chakula kupotea ni dalili za uhaba wa kobalti. Lakini pia ni dalili za minyoo, ndigana na njaa ya kawaida. Anza na daktari wa mifugo. Pima kinyesi, pima damu, toa minyoo kwa wakati.

Mifugo ikitibiwa na bado inakonda, na hasa kama majirani zako wa eneo hilohilo wanalia kilio kimoja, fikiria udongo. Kenya, sampuli za udongo hupimwa katika maabara za KALRO huko Kabete. Tanzania, kituo cha TARI Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine mjini Morogoro hufanya kazi hiyo. Uliza kabla kama wanapima madini unayoyataka, na namna ya kuchukua sampuli, kwa sababu sampuli iliyochukuliwa kwa jembe lenye kutu au kuwekwa kwenye mfuko wa mbolea itatoa majibu ya uongo.

La pili, angalia mchanganyiko wa malisho. Mimea ya jamii ya kunde, kama desmodiamu na lusani, kwa kawaida ina kobalti nyingi kuliko nyasi. Bakteria wanaoishi kwenye mizizi yake na kuitengenezea naitrojeni nao huhitaji kobalti. Kwa upande mwingine, kumwaga chokaa kupita kiasi shambani hupunguza kobalti ambayo majani yanaweza kuichukua.

La tatu, wafugaji wa kuhamahama wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiwapeleka ng'ombe kwenye udongo wa chumvi tangu zamani. Kwa mfugaji wa zizi ambaye ng'ombe wake hatoki, kazi hiyo sasa ni ya chumvi ya madini. Chumvi ya kawaida ya mezani haitoshi. Ina sodiamu, lakini haina kobalti wala shaba ya kumtosha ng'ombe.

La nne, zaidi si bora. Madini haya yakizidi ni sumu. Kondoo hufa kwa shaba kirahisi kuliko ng'ombe, kwa hiyo usimpe kondoo chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe kabla ya kusoma karatasi yake. Seleniamu nayo ina nafasi finyu kati ya dawa na sumu.

Kwa mwenye duka

Kwa mfanyabiashara wa pembejeo, chumvi ya madini ni bidhaa inayokwenda mwaka mzima, lakini inahitaji uaminifu. Mteja hawezi kuona kobalti kwa macho. Anategemea karatasi ya mfuko na neno la muuzaji.

Nunua mifuko yenye alama ya shirika la viwango na orodha kamili ya madini kwa kila kilo. Ukipima kwa rejareja, uache mfuko wa awali uonekane ili mteja asome. Mwenye kuchanganya chumvi ya kawaida na rangi kisha akaiita ya madini anamuibia jirani yake mara mbili: kwanza fedha ya chumvi, kisha ng'ombe.

Pia wajue wateja wako wanafuga nini. Mwenye kondoo apewe ya kondoo. Mwenye ng'ombe wa maziwa aulizwe anakamua kiasi gani na ana malisho gani. Muuzaji anayeuliza maswali hayo atarudiwa na mteja huyo msimu hadi msimu, na ng'ombe mwenye afya ndiye atakayempa mteja huyo fedha ya kurudi nayo dukani.